Jiko chumbani usiku: Joto linaloua bila moshi

MSIMU wa baridi ukiingia, kati ya Juni na Agosti, wagonjwa wanaofika katika kliniki yangu asubuhi hubadilika. Wengi ni watoto wenye mafua na kikohozi, wazee ambao viungo vimewakaza, na watu wa pumu waliokesha wameketi kitandani. Katikati yao huwa kuna wachache ambao ugonjwa wao haukuletwa na viini wala chakula. Umetoka katika chombo walichokiacha kando ya kitanda walipolala. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia leo, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Julai, miaka kadhaa iliyopita. Mama mmoja kijana alikuja na watoto wawili, mvulana wa miaka sita na msichana wa miezi kumi. Mama alisema kichwa kilikuwa kikimgonga tangu alfajiri. Mvulana alikuwa ametapika mara mbili. Yule mdogo alikuwa amelegea, hataki kunyonya. Niliwapima joto; hakuna aliyekuwa na homa. Nikapima malaria, haikuonekana. Nikauliza walikula nini jioni. Ugali, sukuma wiki na mabaki ya nyama ya mchana. Nikajiambia kuwa ni hiyo nyama. Niliwapa dawa ya kuzuia kutapika na chumvi ya kuchanganya na maji, nikamwambia mama arudi iwapo hali haitatengenea. Akiwa mlangoni alisema neno ambalo mimi nililichukua kama shukrani tu: "Hata sasa tunasikia nafuu, daktari. Tangu tutoke nyumbani kichwa kinapungua."

Kesho yake hawakurudi. Siku ya tatu, mume wake, ambaye alikuwa mlinzi wa usiku, alifika nyumbani saa moja asubuhi akakuta mlango umefungwa kwa ndani na hakuna anayeitika. Yeye na majirani waliuvunja. Mama na mvulana walikuwa hai, wamezirai, wakakimbizwa hospitalini. Msichana alikuwa amefariki. Katikati ya chumba palikuwa na jiko la makaa lililojaa majivu, bado lina joto. Dirisha lilikuwa limezibwa kwa gunia, na chini ya mlango palikuwa na blanketi kuukuu lililokunjwa ili baridi isipenye.

Ishara zote zilikuwa mbele yangu siku ile. Watu watatu wa chumba kimoja walikuwa wameugua kwa wakati mmoja, bila homa. Baba, ambaye halali humo usiku, alikuwa mzima. Nafuu ilikuja mara tu walipotoka nje. Sikuuliza swali moja tu: "Usiku mnaota moto wa nini?"

Gesi isiyo na harufu

Kuni na makaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Hewa ikiwa tele, kaboni hiyo ikiungua hupata oksijeni ya kutosha na kugeuka kaboni dayoksaidi, gesi ile ile tunayoitoa tukipumua. Hewa ikipungua, kaboni hupata nusu tu ya oksijeni inayohitaji, na kinachotoka ni kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, haina ladha. Haiwashi macho wala koo.

Kila aliyewahi kuwasha jiko amekwisha kuiona ikiungua, ingawa huenda hakuijua. Moshi wa kwanza ukiisha na makaa yakishika vizuri, juu yake huchezacheza ndimi ndogo za moto wa rangi ya buluu. Gesi yenyewe ndiyo hiyo. Hutengenezwa ndani kabisa katikati ya makaa, mahali hewa ni haba, kisha huungua ikikutana na hewa juu. Baadaye makaa hufunikwa na majivu meupe na ndimi zile hutoweka. Hapo ndipo watu husema jiko limeiva na linaweza kuingizwa ndani. Lakini gesi bado inatoka, ila sasa hakuna mwali wa kuiteketeza.

Jambo hili huwapotosha sana watu wa mjini. Kuni hujitangaza. Ukiwasha kuni ndani ya chumba, macho yatatoka machozi, utakohoa, utafungua mlango hata kama hukupenda. Makaa yalikwisha kutolewa moshi wake katika tanuru, huko Kitui au Narok, kabla hayajatiwa guniani. Kwa hivyo yakiletwa nyumbani yanaonekana ni safi. Ukweli ni kwamba, kwa kiasi kile kile cha joto, makaa hutoa gesi hii kuliko kuni. Makaa ya vumbi yaliyofinyangwa nayo huungua polepole usiku kucha, na sifa hiyo inayoyafanya yapendwe ndiyo inayoyafanya yawe hatari chumbani.

Wengine huniambia wao wana jiko la kisasa, lile lenye kigae cha udongo ndani lililoenea nchini mwetu tangu miaka ya 1980. Ni jiko zuri. Hupunguza makaa yanayotumika, na mimi mwenyewe nyumbani kwangu ninalo moja la kupikia maharagwe. Lakini lilibuniwa ili kuokoa makaa na joto la kupikia. Halikubuniwa kulala na watu ndani ya chumba kilichofungwa, na gesi hutoka humo pia.

Sasa tutazame kinachotokea mwilini. Ndani ya chembe nyekundu za damu mna kitu kinachoitwa himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kutoka mapafuni hadi kila pembe ya mwili. Ifikirie kama matatu inayopakia abiria kwenye mapafu na kuwashusha kwenye ubongo, moyo na misuli. Kaboni monoksaidi ni abiria anayeng'ang'ania kiti kwa nguvu zinazozidi zile za oksijeni zaidi ya mara 200. Akikaa hashuki upesi. Matatu zinaendelea kuzunguka zikiwa zimejaa, lakini kwenye vituo hakuna anayeshuka, na ubongo unabaki ukingoja. Mwanasayansi wa Ufaransa, Claude Bernard, alilieleza jambo hili katika miaka ya 1850, na tangu wakati huo gesi haijabadili tabia.

Jambo la kutisha zaidi ni kwamba mtu hasikii kukabwa. Kinachotufanya tuhangaike tukizibwa pua ni kujaa kwa kaboni dayoksaidi mwilini, na hiyo huwa inaendelea kutoka kama kawaida. Mtu aliyevuta kaboni monoksaidi husikia kichwa kizito, kisha uchovu mtamu, kisha usingizi. Akiwa amelala tayari hasikii lolote. Hata anayegundua kuwa mambo si mazuri huenda akajaribu kuinuka akakuta miguu haimtii.

Kiasi kinachotosha kuua ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Sehemu 400 za gesi hii katika kila sehemu milioni moja za hewa huleta maumivu ya kichwa kwa muda wa saa moja au mbili. Zikifika 1,600, yaani hata mbili katika elfu hazitimii, mtu huanza kuumwa kichwa na kusikia kizunguzungu na kichefuchefu ndani ya dakika 20, na anaweza kufa katika muda wa saa moja au mbili. Chumba cha kupanga cha futi 10 kwa 10, kilichozibwa nyufa, hakina hewa nyingi ya kuichangamanisha gesi hiyo ipungue nguvu.

Nasi wa nyanda za juu tuna taabu ya ziada. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Limuru iko zaidi ya mita 2,000. Huku juu kila pumzi ina oksijeni kidogo kuliko pumzi ya mtu wa Mombasa. Mahali panapotulazimisha kuota moto ndipo hapo ambapo mwili hauna akiba ya oksijeni ya kupoteza.

Wanaozidiwa haraka ni watoto wachanga, kwa sababu hupumua upesi kuliko sisi. Watu wenye ugonjwa wa moyo. Wenye upungufu wa damu. Na akina mama wajawazito. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kuliko ya mama yake, na huchelewa zaidi kuiachilia. Mama anaweza kuamka na kichwa kinachouma kidogo tu ilhali mtoto tumboni ameumia. Zamani wachimba migodi ya makaa ya mawe wa Uingereza walikuwa wakiteremka na ndege mdogo wa manjano, kanari, kizimbani. Ndege huyo hupumua haraka, kwa hivyo huanguka kabla ya watu. Waliendelea na desturi hiyo hadi mwaka 1986, mitambo ilipochukua nafasi yake. Katika chumba chenye mtoto wa miezi kumi, mtoto ndiye ndege huyo.

Maji, maziwa na dirisha la kidole kimoja

Watu wengi nchini mwetu wanajua kuwa jiko chumbani ni hatari, na wana njia zao za kujikinga. Nimezisikia nyingi, na karibu zote hazifai.

Kuna wanaoweka beseni la maji kando ya jiko wakiamini kuwa maji yatainywa gesi. Kaboni monoksaidi haiyeyuki majini kwa kiasi chochote cha maana. Beseni litasaidia kitu kimoja tu, nacho ni kuzima moto blanketi likishika. Kuna wanaosema gesi hukaa chini, kwa hivyo aliye kitanda cha juu hana neno. Uzito wake unakaribiana na wa hewa, na joto la jiko huipandisha. Chumba chote hujaa. Kuna wanaotegemea nyumba ya mabati wakisema upepo hupita kwenye mikunjo, nao ni wao hao waliobandika maboksi na nailoni ukutani kuanzia sakafuni hadi darini kwa sababu ya upepo huo huo.

Maziwa ndiyo dawa inayosifiwa kuliko zote. Akizirai mtu, jirani hukimbia dukani kuleta pakiti. Maziwa huenda tumboni. Gesi iko kwenye damu. Na mtu aliyezirai hawezi kumeza, kwa hivyo maziwa yanaweza kuingia mapafuni yakamwua yule ambaye gesi ilimwacha hai.

Kuhusu dirisha lililoachwa wazi upana wa kidole, nitasema hivi. Ukiwa macho, unapika, mlango uko wazi na dirisha la upande wa pili liko wazi, hewa inapita na hatari inapungua sana. Ukiwa umelala, hakuna kipimo cha upenyo ambacho mimi kama daktari ninaweza kukuambia kinatosha. Usiku upepo hutulia, pazia hushuka, mtoto anayesikia baridi hufunga dirisha wewe ukiwa usingizini. Jiko litoke.

Nalo likitoka lifike nje hasa. Katika ploti zetu watu wengi hulitoa chumbani na kuliacha kwenye korido, na korido yenyewe imefungwa kwa geti la chuma na mlango wa mabati. Hapo umelihamishia kwa jirani, ambaye nyumba yake ina nafasi chini ya mlango. Nimewahi kuona mwanafunzi wa chuo aliyelazwa kwa gesi ya jiko ambalo halikuwa lake.

Namna ugonjwa unavyojificha

Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na moyo kwenda mbio. Msomaji ataona mara moja kwa nini daktari mwenye foleni ndefu anaweza kufikiria malaria, mafua au chakula kibovu. Baadaye mtu huchanganyikiwa, huongea kama mlevi, huanguka, huenda akashikwa na degedege, kisha huzirai. Vitabu vya zamani huzungumzia ngozi kuwa nyekundu. Msiingojee. Ni nadra kuonekana kwa mtu aliye hai, na katika ngozi zetu nyeusi ni vigumu zaidi.

Mkosaji mkubwa katika historia ya ugonjwa huu alikuwa mgonjwa mwenyewe. Usiku wa tarehe 28 Septemba 1902 mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alilala na mkewe nyumbani kwao Paris, moto ukiwa umewashwa chumbani na madirisha yamefungwa. Dohani haikuvuta moshi. Inasimuliwa kwamba waliamka usiku wakijisikia vibaya, mkewe akataka kuwaita watumishi, Zola akakataa akidhani ni tumbo tu na kwamba asubuhi watakuwa wazima. Asubuhi alikutwa sakafuni amekufa. Mkewe aliyebaki kitandani aliokolewa. Kama mtu mwenye elimu yake na nyumba yake alidhani ni tumbo, na mimi nikadhani ni nyama, basi mama aliye peke yake saa tisa usiku asilaumiwe.

Hivyo ukiamka asubuhi na kichwa kinauma, jiulize mambo haya. Je, wengine nyumbani wanaumwa pia? Je, jiko lilikuwa ndani? Je, ukitoka nje unapata nafuu, na ukirudi kichwa kinarudi? Je, aliyelala kwingine ni mzima? Ukienda hospitalini, usingoje kuulizwa. Mwambie daktari au muuguzi kwa mdomo wako: "Tulilala na jiko." Maneno hayo matatu yana thamani kuliko vipimo vingi vitakavyofanywa siku hiyo.

Nasema hivyo kwa sababu kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho watu wengi walikinunua wakati wa korona mwaka 2020, hudanganywa na gesi hii. Hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksaidi. Kinaweza kuonyesha 98 kwa mia ilhali mgonjwa yuko hatarini. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha ukweli, lakini hakipo katika kila kituo, na matibabu hayapaswi kukingojea.

Ukikuta mtu amezirai chumbani mwenye jiko, jambo la kwanza ni kufungua mlango na madirisha, au kuyavunja. Vuta pumzi ukiwa nje, ingia, mburute mtu hadi nje, toka. Usianze kumpepea humo ndani wala kumtafutia nguo; waokoaji pia hufa. Akiwa nje na anapumua, mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Asipopumua, mwenye ujuzi aanze kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi bila kukoma. Watoe wote waliokuwa humo, hata anayesema hana neno, na wote waende hospitalini.

Dawa yenyewe ni oksijeni, nyingi na upesi, kwa barakoa iliyobana vizuri usoni. Mtu akipumua hewa ya kawaida, itamchukua saa nne hadi sita kuondoa nusu tu ya gesi iliyo katika damu yake. Akipewa oksijeni tupu, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu. Ndiyo maana sifurahii mgonjwa anapoletwa kwangu kwanza, kliniki ya mtaani, kisha atafutiwe gari la kumpeleka mbele. Tangu janga la korona, oksijeni inapatikana katika hospitali nyingi kuliko zamani. Jueni mapema, kabla ya Juni, ni hospitali gani iliyo karibu nanyi yenye oksijeni usiku.

Wenye dohani

Baadhi ya wasomaji wataona haya yote ni mambo ya vyumba vya mabati. Wao wana meko ya mawe sebuleni, kama nyumba nyingi za Limuru, Tigoni na Nyeri, au wamenunua lile jiko la chuma la kuni lenye mlango wa kioo na bomba la kutokea juu ya paa. Kweli, dohani inayofanya kazi ndiyo tofauti kubwa kati ya moto salama na moto wa hatari. Neno ni hilo: inayofanya kazi.

Dohani iliyokaa miezi tisa bila moto huenda ina kiota cha ndege ndani, au nyuki. Fundi aikague na kuisafisha kabla ya baridi kuanza, aondoe na ile masizi ngumu kama lami inayoganda ndani, kwa sababu inaweza kushika moto na kuchoma paa. Kama moshi unarudi chumbani kila ukiwasha, gesi nayo inarudi, hata baada ya moshi kuacha kuonekana. Na lipo kosa la usiku ambalo nimelikuta katika nyumba za watu wenye uwezo kabisa: moto umebaki makaa mekundu, mwenye nyumba anataka joto libaki, anafunga kile kifuniko cha dohani na kwenda kulala. Hapo amegeuza meko yake ya gharama kuwa jiko la makaa la chumbani. Kifuniko kisifungwe mpaka majivu yawe baridi.

Kuni ziwe kavu. Mti uliokatwa jana, uwe mkalitusi au muwati, unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Moto hutumia nguvu zake kuchemsha maji hayo badala ya kukupa joto, na moshi huwa mzito. Zipasuliwe, zipangwe mahali penye upepo na paa, zikae miezi sita au zaidi. Mbao zilizopakwa rangi na vipande vya nguzo zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa visichomwe kabisa ndani ya nyumba. Sumu za dawa hizo, nyingine ikiwa aseniki, hutoka kwenye moshi na kubaki kwenye majivu.

Moshi wenyewe una hadithi yake ndefu ambayo leo nitaigusa tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 moshi na hewa chafu za majikoni na majumbani zilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, zaidi ya 237,000 vikiwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Wengi wa watoto hao waliuawa na kichomi. Kwa hivyo mwenye kuni asiseme kwamba moshi ni salama kwa kuwa unaonekana.

Kipo pia chombo kinacholia kengele gesi hii ikizidi chumbani. Kinatumia betri, na ni kidogo kama sahani ya kikombe cha chai. Nchini England, tangu Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha analazimishwa na sheria kukiweka katika chumba chenye meko ya kuni au makaa. Kwetu mwenye nyumba hulazimishi hata kurekebisha bomba la choo, basi mwenye uwezo ajinunulie. Ukikinunua, usikichanganye na kile cha kugundua moshi. Hivyo ni vitu viwili.

Kupata joto bila jiko

Sitaki kumwambia mtu avumilie baridi. Usiku wa Julai hapa Nairobi joto hushuka hadi nyuzi 10 hivi, na Nyandarua hushuka zaidi. Mtoto mchanga anaweza kudhurika kwa baridi pia, na mama aliyeingiza jiko aliliingiza kwa mapenzi.

Pikeni jioni, mlango na dirisha vikiwa wazi, na chumba kitapata joto la mapishi. Kabla ya kulala litoeni jiko, fungueni kila kitu kwa muda ili hewa ibadilike, kisha fungeni. Makaa yaliyobaki yamwageni ndani ya mkebe wa bati wenye kifuniko, huko nje, yazimike yenyewe. Kesho yatawaka tena, na kigae cha jiko hakitapasuka kama ambavyo kingepasuka mkikimwagia maji. Hilo peke yake litawapunguzia gharama ya gorogoro moja au mbili kwa juma.

Chupa ya maji moto, ifungwe vizuri na kuviringishwa kwa taulo, itapasha kitanda kwa saa kadhaa. Iondolewe kabla mtoto hajalazwa, isije ikamchoma. Mtoto avishwe nguo nyepesi mbili tatu za kupandana na soksi, kwani hewa iliyonaswa kati ya nguo hutunza joto kuliko sweta moja nzito. Maboksi au mkeka mnene chini ya godoro huzuia baridi ya saruji, ambayo huiba joto kuliko upepo wa dirishani. Nguo zilowe jasho au mkojo zibadilishwe hata kama ni usiku wa manane.

Jambo la mwisho linawahusu waliookolewa. Mtu anaweza kutoka hospitalini akitembea na kuzungumza vizuri, kisha siku chache au majuma kadhaa baadaye akaanza kusahau, kukasirika ovyo, kutembea kwa kuyumba au kukojoa kitandani. Ubongo ulioumia huchelewa kujionyesha. Asidhaniwe amerogwa au amekuwa mtukutu, arudishwe hospitalini.

Yule mvulana wa miaka sita alirudishwa kwangu majuma matano baada ya mazishi ya dada yake. Mwalimu alikuwa amemwita baba na kumwambia kwamba mtoto aliyekuwa akisoma sentensi nzima sasa hakumbuki herufi. Nilimpeleka kwa mtaalamu wa ubongo, na kwa miezi minane baba alimleta kliniki kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akitoka moja kwa moja kazini. Kila mara nilimpa kijana gazeti lililokuwa mezani pangu asome kichwa cha habari. Mwezi wa nane alikisoma chote, isipokuwa neno moja.